Mashine ya Karibu na Mlango

4 Februari

Mwanangu Meneja,

Salamu kwanza, maana wewe ukiona barua yangu ni ndefu unaanza kutafuta mwisho wake. Mimi mzima. Goti la kulia ndilo linalojifanya zee kuliko mwenzake. Paa limezibwa. Cherehani inakwenda vizuri tangu niibadilishe mkanda. Bi Redio wa nyumba ya pili anakusalimu, na ameniagiza nikuulize kama mameneja wa hoteli huwa wanaoa au hoteli inawakataza. Nilimwahidi nitauliza. Nimeuliza, usijibu.

Jumamosi nilifua mashuka yote. Nilipofika la mwisho, mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta pipi ya kukufungia kwenye kona, kama ulipokuwa mdogo unanisaidia kukamua. Unakumbuka ulivyokuwa unatafuta fundo kabla hata maji hayajachuruzika? Sasa hakuna wa kulifungua. Pipi nikaila mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili, kaa chini. Duka ninaponunua nyuzi lilichezesha bahati nasibu, kila boksi la nyuzi kikaratasi kimoja. Mimi nyuzi nanunua kama wengine wanavyonunua chumvi, kwa hiyo vikaratasi vyangu vilijaa ndoo. Nimeshinda. Usiku tatu kwenye hoteli ya kisiwani, boti ya kwenda na kurudi, na kadi ya kuchezea mashine za sloti, zile za kamari, kwenye kasino, mibonyezo mia tatu ya bure. Nikasoma jina la hoteli. Nikavaa miwani nikasoma tena. Ni kwako.

Nafika tarehe 20 Machi. Sitaki makuu. Nataka unishike mkono unipitishe mbele ya wenzako useme, huyu ndiye aliyenilea. Basi. Halafu unioneshe ghorofa unayoisimamia, nami niende nikagombane na mashine.

Shangazi yako


27 Februari

(Hii sikuituma. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro.)

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti linaendelea vizuri na cherehani haijambo. Mimi mzima, vidole tu vimechubuka. Barua yako imekuja na boti ya leo. Boti ya barua inakuja mara mbili kwa mwezi, na ikikosa mafuta inakuja mara moja.

Shangazi, mimi si msimamizi wa ghorofa. Sijawahi kuwa. Kile chuo cha hoteli nilikiacha muhula wa kwanza, ule uandishi wa ripoti ulinishinda. Unajua mambo yangu na shule. Huku nilikuja kubeba mifuko ya saruji walipokuwa wanajenga bwawa la kuogelea. Bwawa lilipokwisha nikapata nafasi ya dobi. Niko chini ya jengo, chumba hakina dirisha. Tuna mashine nne za kufulia, mdomo wa kila moja ungemeza kitanda. Kazi yangu ni kupakia, kupakua, kunyoosha na kukunja. Jioni mgongo unauma mpaka nacheka. Wenzangu wananiita Uwanga, kwa ule uwanga tunaotia mashuka ili yakakamae, maana nikitoka pale nguo zangu zimekauka na kusimama zenyewe.

Ule uongo niliuandika mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo, nikataka niandike kitu kizuri ili nami nikisome. Ukanijibu kwa furaha, ukaniita Meneja, na mtaa mzima ukafuata. Nikashindwa kurudi nyuma. Ndiyo maana kila likizo nakuandikia kwamba hoteli imejaa. Haijajaa. Ningekuja na mikono hii, ungeiangalia mara moja tu ukajua. Miaka sita sasa.

Hapa kazini hakuna ninachoogopa. Naogopa uso wako pale mapokezi, utakapomwulizia Meneja wakakuletea mtu wa aproni.

Uwanga


1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini nyote wazima. Hapa ghorofani hatujambo. Mpe salamu Bi Redio, mwambie mameneja wana kazi nyingi.

Nimefurahi sana kwa ushindi wako. Ila kama mtu wa hapa lazima nikueleze ukweli wa mambo. Machi si mwezi mzuri. Bahari inachafuka, watu wanatapika kwenye boti mpaka wanasahau walikokuwa wanakwenda. Jua nalo halina huruma. Ngazi ni nyingi, fikiria goti. Hizo mashine za sloti nimezichunguza, hazina adabu hata kidogo. Mtu anakaa nazo siku nzima na jioni hazimjui. Nasikia zawadi kama hizi duka linaweza kukubadilishia. Ungeulizia kama wanatoa nyuzi.

Mimi sikukatazi. Nakueleza tu.

Mwanao, Meneja


20 Machi

(Ujumbe huu niliuacha mapokezi.)

Shangazi, shikamoo. Karibu sana. Kwa bahati mbaya nimeitwa ghafla ng'ambo kwa mafunzo ya wasimamizi, siku nne. Nimeumia moyo. Chumba chako ni 214, kina upepo mzuri. Kula vizuri, usinyanyue mzigo mwenyewe, mashine zisikuudhi.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Nimerudi salama na nyumba nimeikuta imesimama. Mlangoni nimekuta na barua yako ya kunitisha na bahari. Ilifika siku moja baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo usiseme nimekaidi, sikuwa nimekatazwa bado. Bahari ilikuwa shwari kama beseni. Ngazi zote nilipita kwenye lifti.

Natumaini mafunzo yalikwenda vizuri. Ujumbe wako nilipewa, nikausoma, nikautia mkobani. Sikumwuliza mtu yeyote habari zako, maana ulikuwa umeeleza yote.

Acha nikusimulie kasino. Baridi ya mle ndani ni ya makusudi, nilivaa sweta langu la kijivu siku zote tatu. Zulia linameza viatu, kwa hiyo nilivua vyangu nikaviweka chini ya kiti. Saa ya ukutani hakuna. Mashine ni nyingi na kila moja ina wimbo wake, ni kama mafundi cherehani mia wamewekwa chumba kimoja na kila mmoja kafungulia redio yake. Nilichagua mashine moja ya pembeni kabisa, karibu na ule mlango wa wafanyakazi wenye kidirisha cha mviringo. Ina picha za kengele, cheri, ndimu na saba. Unabonyeza, picha zinazunguka, zinasimama, na kwa kawaida zinakusimamishia ndimu.

Nilianza kwa kutafuta tundu la mafuta, kama la cherehani. Halipo. Nikajua hii si mashine ya kufanyia kazi.

Jirani yangu alikuwa bwana mmoja wa kofia ya ukili, anafuta kioo cha mashine yake kwa leso kila akikosa. Akaniambia, "Mama, bonyeza haraka, mashine inapoa."

"Ikipoa iache ipumzike," nikamwambia. "Mimi na mashine tuna miaka arobaini."

"Zipi hizo, Mama? Ulikuwa unacheza wapi?"

"Nyumbani kwangu, dirishani."

Akaniangalia kwa heshima kubwa. Kuanzia hapo kila nikibonyeza, naye anabonyeza.

Mimi nilikuwa nabonyeza mara moja, nakunywa chai funda moja, natazama mlango, nabonyeza tena. Binti anayehudumia akaja akauliza kama mashine imekwama. Nikamwambia haijakwama, inafikiri. Siku ya kwanza ilinipa ndimu. Siku ya pili ikanipa ndimu. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimegeuka kidogo kuangalia toroli lililokuwa linapita, nikabonyeza bila kutazama, nikasikia king'ora. Nilidhani jengo linaungua. Nikavaa viatu. Kumbe kengele tatu zimekaa mstari mmoja.

Binti akaja mbio na karatasi. Akanieleza kwamba kadi ya bure hailipi pesa, inalipa vitanda. Nimepata usiku mbili zaidi, watu wawili, chumba hichohicho. Bwana wa kofia alinuna. Akaniomba tubadilishane viti. Nikamwambia hapa sihami, hata ikinipa ndimu mpaka nizeeke. Akasema, "Lakini Mama, umeshashinda, unasubiri nini tena?" Nikatazama mlango. Nikakaa mpaka mchana.

Jambo moja zaidi. Taulo za chumbani kwangu zilikunjwa vizuri mno. Mara tatu, na pindo limefichwa ndani. Zilikuwa tatu. Mbili sikuweza kuzikunjua, nilitumia ile moja tu siku zote. Ukikutana na aliyezikunja, mwambie mgeni wa 214 amezisifu.

Goti linakusalimu.

Shangazi yako


15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umzima na goti pia. Mimi mzima. Boti ya barua imeleta yako leo mchana, nimeisomea nyuma ya mashine namba tatu, ndiyo yenye kelele kuliko zote na hakuna anayekuja pale.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe 27 Februari, niliyoificha chini ya godoro. Isome hiyo kwanza. Nitakungoja hapa.

Sasa umeisoma. Hakukuwa na mafunzo, Shangazi. Siku zote tatu nilikuwa chini yako, ghorofa moja tu.

Taulo zile nilizikunja mimi. Hapa kila mtu anakunja mara mbili, pindo nje, ndiyo desturi ya hoteli. Mimi peke yangu nakunja kama ulivyonifundisha, na mkubwa wetu, Mzee Mvuke, aliniachia alipoona rafu inabeba taulo nyingi zaidi. Orodha ilipokuja ya 214 nikajua lazima nikunje kihoteli, usije ukanitambua. Nikakunja ya kwanza. Mara tatu, pindo ndani. Nikaikunjua nikaanza upya. Mara tatu tena. Mikono ilikataa, nikaziacha ziende hivyohivyo.

Na nilikuona. Mimi ndiye napeleka taulo za mikono kasino na kurudisha chafu. Kile kidirisha cha mviringo kiko usawa wa uso wangu. Nilikuona na sweta la kijivu, mkoba mapajani, miguu peku juu ya zulia lao, unabonyeza kwa kidole gumba kama unavyosukuma gurudumu la cherehani. Unaiongelesha. Nilicheka mpaka nikaegemea toroli. Nikashika mlango niufungue. Halafu nikaangalia aproni yangu, ilikuwa na doa la mvinyo wa mtu, nikarudi chini. Siku ya pili nikashika mlango tena. Siku ya tatu sikwenda, nilimwomba mwenzangu apeleke toroli. Hiyo ndiyo siku mashine ilipokupa kengele, kwa hiyo toroli uliloliona halikuwa na mimi. Nisamehe na hilo pia.

Asubuhi uliyoondoka nilikuwa kwenye kuchambua. Shuka zinashuka kwa bomba kutoka juu, zinaanguka kwenye kapu, zote ni nyeupe na zote zinafanana, huwezi kujua ya nani ni ipi. Nashika moja, kona ni nzito. Kuna fundo. Mashuka ya wageni hayana fundo, Shangazi. Mtu anayelipia kitanda hafungi kona ya shuka.

Nilijua kabla sijalifungua. Pipi ya mnanaa, ile ya karatasi ya kijani.

Nikapanda ngazi za nyuma mbio mpaka kwenye ukuta wa matangi ya maji. Boti ilikuwa imeshakuwa ndogo kama pasi. Nikavua aproni nikaipunga. Mzee Mvuke alikuwa amenifuata akidhani nimeungua. Akauliza, "Uwanga, unampungia nani?"

"Shangazi yangu."

"Alikuja lini?"

"Juzi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikavaa aproni nikashuka. Pipi bado ninayo, sijaila.

Sasa unajua kila kitu. Ukitaka kuwaambia mtaani, waambie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ila huyo Meneja, mimi naomba nimwache hapa.

Uwanga


2 Mei

Mwanangu Uwanga,

Marahaba. Sote wazima. Mvua imenyesha, paa limeheshimu fundi aliyeliziba. Kuku wa Bi Redio ametagia ndani ya kikapu changu cha vitambaa, na sasa hatujui mayai ni ya nani.

Barua zako mbili nimezisoma. Hiyo ya chini ya godoro nimeisoma mara tatu, ndiyo ya kwanza kwa miaka sita inayonuka mtu ninayemjua.

Nasema kunuka kwa sababu ndivyo nilivyojua. Tangu mwaka wa kwanza bahasha zako zinanuka uwanga na dawa ya kung'arishia nguo. Msimamizi wa ghorofa angenuka marashi. Mimi nimefua na kushona nguo za watu tangu baba yako hajaota ndevu, ungetaka kunidanganya ungeandikia nje kwenye upepo.

Utauliza kwa nini sikusema. Nitakuambia na mimi usinicheke. Bi Redio ana mtoto wa benki, na kila siku tulikuwa tunakunywa chai na hiyo benki. Nilitaka na mimi niwe na cha kuweka mezani. Uongo uliushona wewe, lakini aliyeuvisha tai na kuutembeza mtaani ni mimi. Nilipoona huji nyumbani likizo ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaanza kuona ninachokilipia. Niliposhinda ile safari nikasema naenda kumtoa mtoto ndani ya hiyo suti.

Siku ya kwanza kasino niliona toroli la taulo linatokea kwenye ule mlango, likisukumwa na kijana mwingine. Nikamwuliza binti, mashine gani inatazamana na pale? Akasema, "Ile, Mama, lakini ile ni bahili, wenyeji hawaigusi." Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Basi nikakaa pale siku tatu. Unafikiri nilikuwa nasubiri kengele?

Nilikuona mara mbili kwenye kidirisha. Mara ya kwanza niliona paji la uso, mara ya pili jicho. Na nimeona una upara. Hilo nalo hukuandika.

Sikukuita. Ningekuita ungetoka na uongo mwingine mkononi, na mimi nilikuwa nimechoka kuusoma. Nikaona bora nikuachie pipi, ukiitaka utaifungua.

Kwenye boti niliona kitu cheupe kinapepea juu ya matangi. Bwana wa kofia alikuwa amekaa karibu yangu, akasema ni ndege. Nikamwambia ile ni aproni, na inahitaji kupigwa pasi.

Bi Redio nimemwambia jana, mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Nilisema, mtoto wangu si meneja, ni dobi, anafua mashuka ya hoteli nzima na anakunja taulo kuliko mtu yeyote kisiwani. Alikoroga chai yake. Halafu akauliza kama madobi huwa wanaoa.

Sasa sikiliza. Ile karatasi ya kengele tatu ni ya watu wawili. Nakuja tarehe 12 Juni. Mtu wa pili ni wewe. Omba ruhusa, utalala usiku mbili juu ya shuka zako mwenyewe, na asubuhi wenzako wazifue. Lakini kabla ya hapo unipitishe kwa mlango wa nyuma unipeleke chini nikazione hizo mashine nne. Za kule juu nimezichoka, unazilisha siku tatu zinakutemea ndimu. Nataka kuona mashine inayopewa kitu kichafu ikarudisha kisafi.

Unipokee gatini. Uje na aproni.

Shangazi yako


21 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mmeshagawana mayai. Mimi mzima, na mgongo leo umenyamaza.

Nimeomba ruhusa. Nilimweleza Mzee Mvuke kisa chote kuanzia bahasha mpaka pipi. Alicheka mpaka akakaa ndani ya kapu, ikabidi tumtoe wawili. Amenipa siku mbili, na amesema wewe ukishuka chini mashine namba tatu ni yako, uibonyeze mwenyewe, hiyo haina ndimu. Ameuliza kama ungependa kiti. Nimemwambia atafute tundu la mafuta, ndicho utakachouliza kwanza.

Kwenye likizo ya Desemba nimeandika jina langu. Karatasi ina nafasi ya kujaza unakwenda wapi. Miaka yote nilikuwa naacha wazi. Safari hii nimeandika nyumbani.

Wenzangu wanabishana nani atakunja taulo za 214 tukiwa juu. Nimewaambia wakunje wanavyojua, mimi nitakuwa mgeni. Lakini nakujua, na najijua. Tutazikunja upya.

Boti inafika saa nne asubuhi. Aproni nimeifua, nimeitia uwanga, nimeipiga pasi mara mbili. Utaniona tangu mbali.

Kofia sitavaa, upara umeshauona.

Mwanao, Uwanga